Paa la KICC liwe darasa la watoto wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wazazi, walimu wakuu na wasimamizi wa Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, ambalo sote tumezoea kuliita KICC, kuhusu jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipoanza kufundisha Jiografia hapa Nairobi. Jambo lenyewe ni paa la mnara wa jengo hilo. Ninaamini kwa dhati kwamba hakuna mahali pengine katika jiji hili ambapo mtoto anaweza kusimama kwa muda wa nusu saa, akauona mji wake kutoka pembe zote, akatambua jinsi ulivyoanza, ulivyogawanywa na ulivyopanuka, kisha akashuka akiwa ameelewa mambo ambayo kitabu cha kiada huhitaji sura kadhaa kuyaeleza. Kwa sababu hiyo ninaomba kwamba kila mwanafunzi wa shule za Nairobi apandishwe juu ya paa hilo angalau mara moja kabla ya kumaliza Gredi ya 9, na kwamba wale wanaokuja kutoka kaunti nyingine kwa ziara za masomo wasirudi makwao bila ya kufika huko.

Mnara huu si mgeni kwa mtu yeyote nchini. Noti zilizotolewa na Benki Kuu ya Kenya mwaka 2019, kuanzia ya shilingi 50 hadi ya shilingi 1,000, zote zina picha ya KICC pamoja na sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta iliyo uani mwake, na wasomaji wengi watakumbuka kwamba sanamu hiyo ilizua kesi mahakamani kwa kuwa Katiba hairuhusu sura ya mtu binafsi kuwekwa kwenye fedha zetu. Mama mboga wa Gikomba na utingo wa matatu za Rongai huishika picha ya mnara huu mara nyingi kwa siku. Lakini kila ninapowauliza wazazi wa wanafunzi wangu ni wangapi kati yao wamewahi kufika juu, wengi hunijibu kwamba huko ni kwa watalii. Nimewasikia hata watumishi wa umma ambao wamefanya kazi Harambee Avenue kwa miaka mingi wakitoa jibu hilohilo, ilhali mlango wa jengo uko hatua chache kutoka ofisini mwao. Mkenya huyohuyo akibahatika kusafiri hadi Paris, atasimama kwenye foleni ndefu ili apande mnara wa Eiffel. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu mnara ule wenye urefu wa mita 330 unastahili kupandwa. Ninachosikitikia ni kwamba atarudi akiyajua mapaa ya mji wa watu wengine kabla ya kuyajua ya kwao.

Historia ya jengo lenyewe inapaswa kusomwa darasani kabla mwanafunzi hajaingia kwenye lifti. Ujenzi ulianza mwaka 1967, uhuru ukiwa na umri wa miaka minne, na nia ya awali ilikuwa kukijengea chama cha KANU makao makuu. Michoro ilikuwa ya Karl Henrik Nøstvik, msanifu kutoka Norway ambaye alikuja Kenya katikati ya miaka ya 1960, akishirikiana na David Mutiso, Mkenya aliyekuwa msanifu mkuu wa majengo serikalini. Mpango huo ulizidi kupanuka, hasa baada ya kuamuliwa kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zingefanyia mkutano wao wa mwaka 1973 Nairobi, na jengo lililokusudiwa kuwa ofisi za chama likawa jumba la mikutano lenye kumbi kubwa, ukumbi wa pembeni wenye paa lililochongoka kama pia, na mnara wa ghorofa 28 wenye urefu wa takriban mita 105. Mzee Kenyatta alilifungua Septemba 1973. Mwaka huohuo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilifungua makao yake ndani ya jengo hilo kabla ya kuhamia Gigiri, na hivyo Nairobi ikawa mji wa kwanza katika nchi zinazoendelea kuwa makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa. Kwa zaidi ya miaka 20 hakukuwa na jengo refu kuliko hilo nchini. Leo limepitwa na majengo kadhaa, na Mnara wa Britam kule Upper Hill unafikia mita 200, lakini mwalimu hatafuti mita tu. KICC imesimama katikati ya mji, Bunge likiwa upande mmoja, Mahakama ya Juu na City Hall upande mwingine, na ofisi za serikali zikiwa mbele yake, kiasi kwamba mwanafunzi anayeinamisha macho anaiona mihimili yote mitatu ya dola bila ya kubadilisha mahali aliposimama.

Lifti hukufikisha karibu na kilele, kisha hubaki ngazi za kupanda kwa miguu hadi kwenye uwanja wa kutua helikopta. Kinachowapokea watoto kwanza ni upepo, ambao huwa mkali kuliko walivyotarajia, na wa pili ni mwewe. Ndege hawa ambao kila mtoto wa Nairobi amewazoea wakizunguka juu ya kichwa chake, wakisubiri kunyakua kipande cha chapati uwanjani mwa shule, huko juu hupita chini ya usawa wa macho, migongo yao ya kahawia ikionekana wazi, wakipinda mkia kushoto na kulia ili kuushika upepo. Nimeona watoto wakisahau mji mzima kwa dakika kadhaa kwa sababu ya mwewe mmoja tu, nami huwaachia wamtazame wanavyotaka, maana jicho la mtoto likishazoea kutazama chini huwa tayari kwa kazi inayofuata.

Kazi hiyo ni kutafuta nyumbani. Mwalimu asianze kwa kuwaonyesha Bunge wala Uhuru Park. Awaambie kila mmoja atafute mtaa wake kwanza, na atashangaa jinsi ramani ambayo ilikuwa karatasi tupu darasani inavyogeuka kuwa jambo la haraka. Nakumbuka msichana mmoja wa mtaa wa mashariki ambaye alikuwa amekata tamaa ya kuuona mtaa wao kwa sababu kila alikotazama aliona mabati na magorofa yanayofanana. Nilimwambia aanzie kwenye stesheni ya reli, ambayo iko karibu na inaonekana vizuri, kisha aifuate reli kwa macho polepole, apite Makongeni, apite Makadara, asiiache. Aliifuata kwa kidole akiwa ameshikilia ukingo kwa mkono mwingine, akanyamaza kwa muda, kisha akapaza sauti: "Mwalimu, lile tangi la maji ni letu!" Wenzake wa mtaa huo walimkimbilia wote. Kuanzia hapo hapakuwa na haja ya kuwaeleza watoto wale kwamba reli ndiyo iliyoujenga mji huu, kwa sababu walikuwa wameitumia reli hiyohiyo kutafuta njia ya kwenda kwao.

Na kweli reli ndiyo mwanzo wa yote. Mafundi wa reli iliyotoka Mombasa walifika hapa mwishoni mwa Mei 1899, wakaweka kambi na karakana mahali ambapo nchi tambarare inakomea kabla ya mwinuko wa kuelekea Bonde la Ufa. Ukiwa chini barabarani huwezi kuiona sababu ya uamuzi huo. Ukiwa juu ya paa unaiona mara moja: upande wa kusini na mashariki nchi imelala tambarare kuelekea Athi, na upande wa magharibi na kaskazini inaanza kupanda, ikijaa miti, hadi inapofika vilima vya Ngong ambavyo vifundo vyake vinahesabika kwa kidole. Wajenzi walihitaji uwanja wa kupumzikia na kujiandaa kabla ya kuukabili mwinuko. Miaka michache baadaye serikali ya kikoloni ikahamisha makao yake kutoka Mombasa, na kambi ya reli ikawa mji mkuu.

Nitakaa kidogo zaidi kwenye tofauti ya magharibi na mashariki, kwa sababu ndilo somo kubwa kuliko yote yanayopatikana huko juu, na ndilo linalonifanya niandike barua hii. Mtoto akigeukia magharibi, ng'ambo ya Uhuru Highway na barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, anaona kijani kibichi kilichofunika mitaa ya watu wenye uwezo hadi upeo wa macho. Akigeukia mashariki anaona rangi ya mabati, ya saruji na ya vumbi, na nyumba zilizosongamana hadi zinapopotea. Huo si mpangilio uliojitokea wenyewe. Nchi ya magharibi imeinuka zaidi, ina udongo mwekundu wa volkano unaopitisha maji na kuotesha miti, na ndiyo ambayo Wazungu walijitengea kwa makazi yao. Waafrika waliruhusiwa kukaa upande wa chini, kwenye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, karibu na reli na viwanda vilivyohitaji nguvu za mikono yao. Pumwani ilianzishwa kwa ajili yao mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Kaloleni ikafuata katika miaka ya 1940. Ukoloni uliondoka, lakini miti imebaki ilikokuwa na mabati yamebaki yalikokuwa, na mipaka ile bado inasomeka kutoka juu ya paa zaidi ya miaka 60 baada ya bendera kubadilishwa.

Nimewahi kuulizwa na mzazi mmoja kama si ukatili kumwonyesha mtoto wa Mathare au Mukuru jambo kama hilo. Nilimjibu kwamba mtoto huyo analijua tayari, kwa kuwa analiishi kila siku. Asichokijua ni kwamba lilipangwa na watu, kwa sheria na kwa ramani, na kwamba kilichopangwa na watu kinaweza kupangwa upya. Mtoto anayedhani kwamba mtaa wake ni mchafu kwa sababu watu wa kwao ni wachafu amefundishwa uongo, na uongo huo unaondoka haraka akionyeshwa udongo, mteremko na reli kwa pamoja. Vilevile mtoto wa Lavington au Karen ambaye hajawahi kuvuka Barabara ya Tom Mboya anahitaji kuona kwamba mji wake haukomei pale anaposhukia gari la shule.

Mteremko huo huo unatupa somo la maji. Mto Nairobi unatoka upande wa magharibi, unapita pembeni mwa katikati ya jiji na kuelekea mashariki, ambako unaungana na mito ya Ngong na Mathare kabla ya kumwaga maji yake katika Mto Athi. Athi nao, ukishakutana na Mto Tsavo, unaitwa Galana, halafu Sabaki, na mwishowe unaingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Chupa ya plastiki inayotupwa kwenye mtaro wa Kirinyaga Road iko njiani kuelekea pwani, na taka za mitaa ya juu zinapitia milangoni mwa watu wa mitaa ya chini. Nikiwaeleza wanafunzi jambo hilo darasani huliandika daftarini na kulisahau. Nikiwaonyesha bonde la mto kutoka juu, wakaona jinsi kila kitu kinavyoteremkia upande mmoja, maswali huwa mengi kuliko muda tulionao.

Kuna sehemu moja ambayo huwaomba watoto waitazame kwa utulivu. Pale ambapo Moi Avenue inakutana na Haile Selassie Avenue kuna bustani ndogo ya kumbukumbu, mahali palipokuwa na ubalozi wa Marekani hadi Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Bomu lililolipuliwa asubuhi hiyo liliwaua watu 213 hapa Nairobi, wengi wao wakiwa Wakenya waliokuwa kazini, njiani au katika jengo la Ufundi lililoporomoka, na wakati uleule bomu jingine likawaua watu 11 mjini Dar es Salaam. Wanafunzi wa leo walizaliwa miaka mingi baadaye, na kwao hiyo ni habari ya vitabuni. Wakiona jinsi bustani ile ilivyo karibu na stesheni, na ofisi, na vituo vya matatu, wanaelewa wenyewe ni kwa nini wazazi wao hukumbuka walikuwa wapi siku hiyo.

Yote niliyoyataja hadi sasa yanaonekana hata siku yenye mawingu. Siku ya anga safi paa hilo hutoa zaidi. Upande wa kaskazini huonekana safu ya Nyandarua, na kaskazini mashariki yake Mlima Kenya wenye urefu wa mita 5,199. Upande wa mashariki kuna Kilimambogo. Na kusini, mbali sana, zipo asubuhi ambazo theluji ya Kilimanjaro huonekana ikiwa imeelea juu ya ukungu wa nyanda. Shida ni kwamba milima haisubiri ratiba za ofisi. Mlima Kenya huwa wazi mapema, jua linapochomoza na saa moja au mbili baada ya hapo, kisha mawingu huufunika, na kufikia saa nne asubuhi kwa kawaida mgeni huambiwa tu kwamba mlima uko upande ule. Januari na Februari ndiyo miezi yenye anga safi zaidi, na ndiyo miezi ambayo ningependa kuona watoto wakipanda kwa wingi.

Sasa niwageukie wasimamizi, kwa heshima zote. Jengo hili limewahi kuponyoka mikononi mwa umma. Kwa miaka mingi KANU ililishikilia kama mali yake, hadi serikali ilipolirejesha mwaka 2003. Novemba 2023 KICC iliorodheshwa miongoni mwa mashirika 11 ya umma yaliyokusudiwa kubinafsishwa, na Mahakama Kuu ikausimamisha mpango huo. Sitaki kuingilia mabishano ya wanasiasa na wanasheria kuhusu nani aliendeshe. Ninachosema ni kwamba, mikononi mwa yeyote litakalokuwemo, haki ya mwananchi wa kawaida kupanda hadi juu ya paa iandikwe mahali ambapo haiwezi kufutwa na mkataba wa kibiashara. Mikutano mikubwa italiletea jengo mapato yake. Hapa ndipo ulipofanyika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na maendeleo, UNCTAD, mwaka 1976, mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani Desemba 2015, ambao ulikuwa wa kwanza kufanyika Afrika, na Mkutano wa Tabianchi wa Afrika Septemba 2023. Ada ndogo ya mtoto wa shule haiwezi kuwa tegemeo la jumba lenye wateja wa kiwango hicho, nami ninaomba watoto waliovaa sare na walioandamana na mwalimu wao wasitozwe chochote.

Ningependa pia pawekwe ubao wa kudumu kuzunguka ukingo wa paa, wenye mishale na majina kwa Kiswahili na Kiingereza, unaoonyesha upande ulipo kila mlima, kila mto na kila mtaa mkubwa, pamoja na umbali wake. Ubao wa namna hiyo haugharimu pesa nyingi, na ungemsaidia mgeni anayefika peke yake bila ya mwelekezi. Waelekezi wenyewe wawepo wa kutosha wanaoweza kuzungumza na mtoto kwa Kiswahili, kwa sababu mtoto huuliza maswali yake ya kweli kwa lugha anayochezea. Wafikiriwe pia wazee na watu wenye ulemavu, ambao ngazi za mwisho ni kizuizi kwao. Nina hakika kwamba wahandisi wetu wanaweza kuitatua shida hiyo bila kuliharibu umbo la jengo. Na kwa kuwa nimeeleza habari ya milima, ninaomba paa lifunguliwe alfajiri kwa siku chache zilizotangazwa mapema katika miezi ya Januari na Februari, walinzi na wahudumu wa lifti wakilipwa haki yao ya kazi ya saa hizo.

Kwa walimu wenzangu nina ushauri mfupi unaotokana na kazi yenyewe. Msiwapandishe wanafunzi wote kwa mkupuo, kwa sababu lifti ni chache na paa halifai msongamano. Kundi la watoto 20 na walimu wawili linatosha, huku wengine wakibaki uani wakichora mnara na sanamu. Kila mtoto awe na ramani ya jiji aliyoichora mwenyewe darasani wiki iliyotangulia, hata kama ina makosa, kwa kuwa huko juu ataisahihisha kwa mkono wake na hatasahau. Karatasi zibanwe vizuri kwenye ubao mgumu, maana upepo hauna huruma, na kofia ziachwe chini. Mtoto anayeogopa urefu asilazimishwe wala asichekwe. Mwache akae karibu na mlango wa ngazi, na mara nyingi atasogea mwenyewe akisikia wenzake wakitaja mtaa wao. Tena msiharakishe kushuka. Dakika za mwanzo huisha kwa msisimko, na maswali mazuri huja pale mtoto anapodhani kwamba ameshamaliza kutazama.

Mtaala wa umilisi unatutaka tumfundishe mtoto kwa kuona na kutenda, na wazazi wengi wamechoka kuitishwa vifaa vya kununua ambavyo vinaishia jalalani. Hii ni kazi ambayo mzazi wa Nairobi atachangia nauli ya matatu pekee. Shule zinazotoka mbali tayari hulipia basi la kuja hadi Mbuga ya Taifa ya Nairobi au Jumba la Makumbusho, na KICC iko njiani mwao. Kwa kuwa shule nyingi hupanga ziara za muhula wa kwanza kabla ya likizo ya Desemba, ninawasihi walimu wakuu waandike barua zao za maombi kwa wasimamizi wa jengo kuanzia wiki hii, wakitaja idadi ya wanafunzi na siku wanazopendelea, nao wasimamizi wazijibu kwa wakati ili wazazi waarifiwe shule zikifungwa.

Mwalimu wa Jiografia,
Nairobi